Motokaa za Wazee Mjini Havana

Katika mji wa Havana, kisiwani Kuba, iko barabara ipitayo ufukoni, iitwayo Malecón. Humo utaziona Chevrolet, Ford na Buick za miaka ya 1950 zikichukua abiria. Wenyeji huziita almendrón, maana yake lozi kubwa, kwa umbo lake la mviringo.

Mwaka 1960, baada ya mapinduzi ya Fidel Castro, serikali ya Marekani ilikataza karibu bidhaa zote zisipelekwe Kuba. Motokaa mpya za Kimarekani hazikuja tena, wala vipuri vyake. Zile zilizokuwapo ikabidi zitunzwe.

Je, zimedumu kwa uzuri wa chuma tu? Hasha. Ni kweli zilijengwa imara: bodi imekaa juu ya fremu nene, na chini ya boneti fundi hupata nafasi ya kuingiza mikono. Lakini hewa ya chumvi hula chuma, na injini huchoka. Kwa hiyo nyingi sasa zina injini ya dizeli ya gari jingine, na vipuri vilivyochongwa kwa mkono. Pengine kilichobaki cha asili ni bodi na fremu tu.

Motokaa inayolisha watoto haiachwi ife. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ndugu, ukitaka kununua gari kuukuu, usiulize tu limetoka kiwanda gani. Uliza pia ni nani aliyelitunza.