Rejeta ya Ford

Mwezi wa Novemba 1914 kulikuwa na ndege mbovu kwenye kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Ilikuwa Curtiss, aina ya mashua yenye mabawa, na mashine yake ilikuwa na nguvu ya farasi 90. Waingereza waliipata Durban pamoja na rubani wake, Dennis Cutler, raia aliyekuwa akirusha ndege kwa maonyesho kabla ya kuvishwa sare ya jeshi la majini. Kilichoharibika kilikuwa rejeta. Huku kwetu hapakuwa na duka la vipuri vya ndege, basi rejeta ikatafutwa Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford. Ikafungwa, na ndege ikaruka.

Nimeitengeneza ndege hiyo kwa mti wa mwembe, kwa kipimo cha 1 kwa 24. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni zaidi kidogo ya nusu mita. Ilinichukua miezi minne, na ugomvi wote uliotokea juu yake, wa maneno na wa pesa, ulihusu kipande kimoja kidogo kuliko kibiriti.

Kazi yangu hasa ni majahazi ya kupamba. Nakaa Amani, na usiku wa mechi taa za uwanjani hunimulikia uani nikafanya kazi bila ya kuwasha yangu. Baba ndiye aliyenifundisha: mkuku kwanza, kisha mataruma, kisha mbao, na tanga mwisho kabisa. Tukimaliza tunayapeleka kwenye maduka ya Mji Mkongwe. Mwenye duka mmoja wa huko ndiye aliyeianzisha habari hii.

“Fundi, majahazi yapo tele,” aliniambia. “Niletee kitu ambacho duka la jirani halina. Wageni wanapenda mambo ya vita vya zamani.”

Nikamsimulia habari ya Curtiss. Tukapatana laki sita, akanipa arubuni ya laki moja. Laki tano iliyobaki nilikuwa nimeshaipangia kazi kabla sijafika nyumbani: ada ya binti yangu chuoni.

Kwa nini ndege ile ilikuja, jibu lake linaanzia bandarini kwetu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, meli ya Kijerumani Königsberg iliikuta meli ya Kiingereza Pegasus imetia nanga hapa Unguja ikifanyiwa matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikufika mbali kama ya adui yake. Ilipigwa ikazama, na mabaharia wake wengi wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wageni wanakiita Kisiwa cha Makaburi. Königsberg nayo ikaingia delta ya Rufiji ikajificha. Meli kubwa za Kiingereza zilibaki mdomoni; maji ya ndani ni machache na mikoko imeziba kila upande. Kitu pekee kilichoweza kuchungulia ndani kilikuwa kile chenye mabawa.

Mtu aliyezoea ngarawa haoni tabu kuielewa Curtiss. Katikati kuna chombo cha mbao, chenye omo na tezi. Chini ya bawa la chini, kila upande, kuna boya dogo la kuizuia isilale ubavu, kazi ileile ya matengo ya ngarawa. Wawili hukaa bega kwa bega. Mashine iko nyuma yao, juu, katikati ya mabawa mawili, na pangaboi limeelekea nyuma, kwa hiyo linasukuma badala ya kuvuta. Kiwiliwili nilikichonga kwa mwembe, kama ngarawa zenyewe zinavyochongwa. Nguzo za mabawa ni chelewa zilizokwanguliwa kwa wembe, waya ni mshipi mwembamba wa kuvulia, na mabawa yamevaa karatasi ya tiara. Rangi ya karatasi ilikuwa nyeupe mno. Baba akasema niichovye kwenye chai kavu, nayo ikatoka na umanjano wa kitambaa kilichopakwa dawa.

Nasema baba alisema, ingawa rangi yenyewe hakuiona vizuri. Macho yake yameingia ukungu kwa miaka mitatu sasa. Anafanya kazi kwa vidole. Siku moja alikichukua kiwiliwili, akakipitisha kiganja upande wa chini kutoka omo hadi tezi, akasimama katikati.

“Mbona umeacha kidato hapa? Chombo hakiachwi hivi.”

Nikamweleza kwamba ndivyo kilivyo. Maji hukishika chombo yakakivuta, na chombo laini chini kote hakiwezi kubanduka hata kikienda mbio namna gani. Kidato kile huyakata maji, hewa ikapata njia, na mashua ikaachiliwa. Baba alirudi kukigusa mara ya pili, polepole.

“Kumbe sisi tunataka kisivuje, wao wanataka kiachie,” alisema. Hakulitaja tena.

Kuhusu Rufiji yenyewe sikuwa na la kumwambia yeye. Ujanani alisafiri kwa jahazi kwenda kupakia boriti za mikoko, tangu mwaka 1960, na majina ya midomo ya delta, Simba Uranga na Kikunja na mingineyo, anayataja kama mitaa ya Ng'ambo. Mabaki ya Königsberg aliyaona kwa macho yake, wakati huo chuma kikiwa bado kimejitokeza topeni, kabla mto haujayameza. Nilipomsomea jinsi Waingereza walivyohangaika kuitafuta meli ile, alicheka.

“Wakata boriti wote walikuwa wakijua iko wapi. Meli ndefu vile itafichwaje kwa wenye mto? Aliyefichwa ni mgeni tu.” Akanyamaza kidogo. “Na hiyo ndege yako, mwanangu, ilikuwa ikitafuta watu wa kuuawa. Usiipambe ukasahau.”

Neno hilo lilinikaa. Nilikuwa nikitengeneza jicho la mzinga. Wazungu wawili walikuwa wakipigania meli, na vita vile vilipopanda nchi kavu viliwachukua watu wetu kwa makumi ya maelfu kubeba mizigo, wakafa kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao mpaka leo. Jina la Cutler nimelipata kwa urahisi. Jina la mpagazi mmoja linatafutwa kwa tochi. Kwa siku kadhaa kiwiliwili kilikaa juu ya kabati, nami nikarudia majahazi.

Kilichonirudisha ni masika. Mvua ilipoanza, gundi ya mabawa ikalegea. Kila asubuhi nilikuta nguzo mbili tatu zimechomoka na karatasi imelegea kama ngozi ya ngoma isiyoanikwa. Basi nikakumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa ndege zenyewe. Mwanzoni mwa 1915 zililetwa Sopwith mbili, mpya, na joto la hapa likazishinda: gundi iliyeyuka, mbao zikapinda, mashine hazikuweza kupanda na mzigo. Zilitoka viwandani zikiwa kamili, na pwani yetu ikazifungua kiungo kwa kiungo. Curtiss yangu ilikuwa inaugua ugonjwa uleule, mahali palepale, miaka zaidi ya mia baadaye. Nikaanza kufunga kila kiungo kwa uzi kabla ya gundi, kama afungavyo mshona mitumbwi, na viungo vikatulia.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokitengeneza. Mchoro niliokuwa nao ni wa ndege ilivyotoka kiwandani Marekani. Ndege ya namna hiyo haikuwahi kufanya kazi Rufiji. Iliyofanya kazi ilikuwa imebadilishwa, na badiliko lenyewe lilitoka Mombasa.

Ford za wakati ule zilikuwa na rejeta yenye fremu ya shaba ya manjano, iliyong'aa. Nilitafuta shaba ya kweli. Nilikuwa na njumu moja iliyovunjika, ya mlango wa zamani uliokuwa ukifanyiwa ukarabati. Nikaigonga mpaka ikawa bamba, nikaikata, nikaikunja fremu. Wavu wa ndani nilikata kwenye chujio la chai. Kisha nikaondoa rejeta ya mchoroni, niliyokuwa nimeshaichonga na kuipaka rangi, na kuiweka hii mbele ya mashine. Haikukaa. Ilikuwa pana na fupi, na mabomba hayakukutana. Ikabidi niongeze vibati viwili vya kuishikilia na kuyapinda mabomba upya. Nilijua kwamba fundi wa Nyororo alipambana na tatizo la aina hiyohiyo, jua likiwa utosini, na mimi nilikuwa nalitatua kwa mpangilio uleule wa mawazo: hiki kimekataa, basi hiki kitashikaje?

Nilimpa baba aiguse. Kidole chake kilipita juu ya karatasi, juu ya mshipi, kikafika kwenye shaba kikasimama.

“Hii si yake,” alisema.

“Ya gari. Ilitoka Mombasa.”

“Basi hii ndiyo yetu.”

Nikamkumbusha kwamba Ford nayo ni ya Marekani.

“Najua. Lakini ilikuwa imeshakunywa maji ya Mombasa.”

Nilipoipeleka dukani, mwenye duka aliizunguka mara mbili, akaisifu. Kisha akaiona shaba.

“Sheikh wangu, hii nini?”

Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Mgeni, alisema, anataka ndege. Akiona kipande cha gari atadhani fundi aliishiwa na vifaa. “Iondoe, uweke ile ya asili, leo hii nakuhesabia laki tano yako.”

Ile ya asili ilikuwa mfukoni mwangu, imefungwa kwenye gazeti. Kuibadilisha kungechukua nusu saa. Binti yangu alikuwa amenipigia simu asubuhi ile.

“Na kwani haikuanguka hata hivyo?” aliuliza mwenye duka, maana nilikuwa nimeshamsimulia yote. Ni kweli. Curtiss ile iliwaonyesha Waingereza ilipo Königsberg, lakini Desemba 1914 mashine ilimkatikia Cutler akatua ndani ya delta, Wajerumani wakamteka, na wenzake wakaingia na boti chini ya risasi wakaikokota ndege kuitoa. Kazi ilikuja kumalizwa na ndege nyingine zilizoruka kutoka Mafia, zikiielekeza mizinga ya Severn na Mersey, mpaka tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wenyewe walipoizamisha meli yao. “Sasa rejeta hiyo ilisaidia nini?”

“Iliruka,” nilisema.

Aliniambia akiichukua kama ilivyo, hawezi kuzidisha laki tatu na nusu, arubuni ikiwemo. Nikamwomba muda, nikatoka mpaka Forodhani, nikampigia baba. Nilimweleza hesabu yote: laki mbili na nusu mkononi, na ada inataka laki tano. Nilitaraji aniambie niirudishe nyumbani, na nusu ya moyo wangu ilitaka aniambie niibadilishe. Hakusema lolote kati ya hayo.

“Ukiirudisha hapa nani ataiona? Mimi?” alisema. “Mpe. Lakini mpe na rejeta yake.”

Basi nikampa. Niliandika kwa mkono kikaratasi cha mistari minne, cha Nyororo, Mombasa na gari la Ford, nikakibandika chini ya kibao chake, mahali ambapo mtu hawezi kukitoa bila ya kukichana. Mwenye duka aliniona nikibandika, hakunizuia.

Ada tuliilipa kwa mafungu. Chuo kilikubali nusu kwanza, na nusu iliyobaki niliitafuta kwa majahazi matatu, yote ya tanga moja, kazi za usiku. Baba alinishikia mikuku huku nikitia mataruma. Usiku mmoja aliuliza tena nililipwa ngapi kwa ile ndege. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, kama anavyohesabu kila kitu siku hizi.

“Laki sita kutoa laki tatu na nusu. Basi laki mbili na nusu ndiyo bei ya rejeta. Wale wa Nyororo sidhani kama waliipata rahisi hivyo.”

Kisha akaomba msasa, maana ubavu wa kushoto wa jahazi aliokuwa ameushika ulikuwa bado unakwaruza.