Safari ya Bagamoyo huanza kwa kutazama mwezi

Familia nyingi za Dar es Salaam zikipanga kwenda Bagamoyo kwa siku moja au mbili hutazama mambo mawili: mshahara unaingia lini na Jumamosi ni tarehe ngapi. Jambo la tatu, ambalo mara nyingi ndilo huamua kama watoto wataogelea au watarudi wamenuna, halitazamwi kabisa. Nalo ni mwezi.

Ufukwe wa Bagamoyo hauna kina. Maji yakipwa siku za bamvua, bahari huenda mbali kabisa, ikaacha mchanga wenye tope, vidimbwi na madau yaliyolala ubavu. Bibi aliyetoka Dodoma aonyeshwe bahari kwa mara ya kwanza huishia kuonyeshwa tope, na mstari wa maji kule mbali. Nauli imekwishalipwa, wali umekwishapikwa, na watoto tayari wamevaa nguo za kuogelea.

Hesabu yake si ngumu, na wavuvi huijua bila kitabu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua. Siku hizo, katika pwani hii, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, tena kwa upole, wala hayaendi mbali yakipwa. Haya ndiyo maji mafu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Nyumba yenye kalenda ya Kiislamu ukutani inayo majibu tayari: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 7 au 8 na 22 ni maji mafu. Wengine watoke nje usiku wainue macho.

Kwa hiyo familia inayokwenda na kurudi siku hiyohiyo, yenye watoto wadogo, ni heri ichague Jumamosi ya nusu mwezi. Ikitoka nyumbani alfajiri, kabla foleni ya Tegeta na Bunju haijakaza, kilomita 70 hivi za njia huisha mapema, na maji huwa yanajaa watoto wanapofika. Anayelazimika kwenda siku za bamvua asikate tamaa, ila apange siku yake kinyume: asubuhi nchi kavu, alasiri baharini.

Na nchi kavu ya Bagamoyo haina uhaba. Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Palipokuwa na bandari ya watu hao sasa pameota mikoko. Mjini kuna Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani, ambao walikuwa na makao yao makuu hapa hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Misheni ya Wakatoliki ilianza 1868, na mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo baada ya kubebwa kutoka ndani kabisa ya bara na Susi, Chuma na wenzao. Watoto husomeshwa jina la mzungu aliyebebwa. Mzazi mwenye nafasi awatajie na waliombeba.

Kuna swali ambalo mtoto wa darasa la tano hatakosa kuliuliza: kwa nini Bagamoyo? Wapo wanaosema ni wapagazi waliofika pwani wakatua mizigo na kuubwaga moyo kwa faraja. Wapo wanaosema ni watumwa waliouacha moyo wao hapo, kwa kuwa mbele yao ilikuwa bahari tu. Mtoto apewe zote mbili. Kumpa ile ya kwanza peke yake kwa kumwonea huruma si kumtendea haki, maana mji huu ulipitisha pembe za ndovu na watu pia.

Sasa hatari, na hii inahusu bamvua hasa. Maji yakiwa yamepwa, watoto hupenda kuyafuata mbali, wakiokota kombe na kukimbiza kaa. Yanaporudi hayaji yote kwa mstari mmoja kama ukuta. Hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma ya mafungu ya mchanga, na mtoto aliyesimama juu ya fungu huweza kujikuta amezungukwa kabla hajaona lolote mbele yake. Mtu mzima mmoja akae nao, asiye na simu mkononi, na wote wageuke warudi mara maji yanapoanza kupanda, hata kama mchezo umenoga. Yeboyebo miguuni ni lazima, kwa sababu ya vipande vya kombe na samaki aina ya taa anayejifukia mchangani.

Majira nayo yana neno. Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi: hewa ya kupendeza, lakini mchana upepo hupiga na bahari huchafuka. Desemba ni jua kali, bibi atahitaji kivuli. Machi hadi Mei ni masika, na magofu ya Kaole chini ya mvua hayamfurahishi yeyote.

Kitambulisho cha taifa kisisahaulike, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Na familia inayokwenda siku za bamvua, kama mfuko unaruhusu, ilale usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya kawaida. Maji yakijaa saa kumi jioni, anayerudi siku hiyohiyo huwa anawatoa watoto majini wakilia ndipo kwanza wameanza kuzoea, ili awahi basi. Aliyelala ana hadi magharibi, na samaki wa kukaanga pale sokoni huwa bado wapo.