Cha Bure Kina Mwenyewe

Watu wengi hutuuliza: "Ninyi wa mtaa ule, fedha za kazi zenu mwazipata wapi?" Wameona viti vya nyumba yetu ya sala, meza ya katekista, rafu ya vitabu vya watoto, banda la kuku la mama mmoja mjane, na mfereji wa bati unaoleta maji ya mvua katika pipa. Jibu letu ni fupi: fedha hatuna. Tulinunua misumari na saruji kidogo, na mengine yote tuliyapata bure. Lakini jibu fupi laweza kudanganya, maana hapa Kolwezi neno "bure" ni neno la hatari. Kwa hiyo twapenda kueleza polepole jinsi tulivyotafuta, tulivyopewa, na tulivyokataa.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya mukuba, yaani shaba. Mwaka 1967 machimbo yaliingia mikononi mwa kampuni ya serikali, ile ambayo baadaye ilipewa jina la Gécamines, na siku hizi yamo makampuni ya nchi nyingi. Wote hao wamechimba, wamesaga, wameyeyusha, na wote wameacha mabaki. Mtu akisimama mahali pa juu aona vilima ambavyo Mungu hakuviumba: ni udongo na mawe yaliyotolewa mashimoni. Mgeni akiviona hushangaa, akasema, "Takataka zote hizi, mbona hamzitumii?"

Kumbe takataka hizo zina habari yake. Mchanga uliotupwa na kiwanda cha kusafishia mawe ya shaba, katika bonde la Musonoi na pale Kingamyambo, ulilala miaka mingi kama kitu kisicho na kazi. Mwaka 2018 kampuni ya Metalkol ilianza kuuchota na kuusafisha upya, ikatoa ndani yake shaba na kobalti. Huko Lubumbashi nako, kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru, tanuru iliyowashwa mwaka 1911, kilianza kuyeyushwa tena miaka ya 2000. Baba walitupa, wajukuu wakauza. Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, kitu kilichotupwa hakijafa. La pili, ambalo watu hulisahau upesi: katika nchi yetu hakuna takataka isiyo na mwenyewe.

Ndiyo maana tulijiwekea desturi. Kabla ya kugusa kitu cha bure twauliza maswali matatu: Ni cha nani? Kilibeba nini? Kitafanya kazi gani?

Tuanze na swali la kwanza. Umeme wa machimbo yetu watoka mbali sana. Njia ya umeme inayoanza katika maporomoko ya Inga, kwenye mto Kongo, huishia hapa Kolwezi, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nyaya zake zabebwa na minara ya chuma. Katika miaka ya taabu watu waliokaa kando ya njia hiyo walifungua vyuma vya minara, kimoja kimoja, wakavipeleka kwa kazi za nyumbani. Mnara hauanguki siku ile ile kwa kukosa chuma kimoja. Huvumilia, na aliyechukua husema, "Tazameni, hakuna aliyeumia." Kisha huja mwingine, na mwingine tena, mpaka siku ya upepo mkali.

Jambo hili lilitufikia sisi wenyewe. Tulipokuwa tukitafuta mlango wa nyumba ya sala, kijana mmoja alituletea vyuma sita vya pembe, vinene, vizuri, vyenye matundu ya bolti. Akasema, "Baba zangu, hivi ni bure, kwa ajili ya Mungu." Tulimshukuru, tukampa kiti. Mzee mmoja kati yetu, ambaye zamani alifanya kazi ya umeme, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, vimetoka wapi?" Kijana akajibu, "Porini, baba." Mzee akakiinua chuma kimoja, akapitisha kidole katika matundu yake, akasema, "Mti wa porini hauzai bolti." Kijana akanyamaza.

Palikuwa na mabishano makali siku ile. Wengine walisema: Vyuma vimekwisha kutoka mnarani, tukivikataa sisi, vitakwenda kwa muuza vyuma chakavu, na Kanisa litabaki bila mlango. Wengine wakajibu: Mlango huo tutaufungua kila Jumapili mbele ya watoto wetu. Wakituuliza umetoka wapi, tutawaambia nini? Mwisho tulivikataa. Msimu mzima wa mvua tulitundika turubai mlangoni. Upepo ulilichana mara mbili, na wale waliotaka kupokea vyuma hawakuacha kutukumbusha. Yule kijana naye hakuja kwetu kwa muda mrefu, na jambo hilo lilituuma kuliko mvua. Lakini hata leo twasema tulifanya vema. Waya wa shaba ukikatwa usiku, kesho yake mama ajifungua kwa mwanga wa tochi. Cha bure cha mmoja kimelipwa na watu mia.

Basi, cha bure cha haki hupatikanaje? Kwa kuomba: mchana, mlangoni, kwa mwenyewe. Hakuna siri nyingine.

Mbao zetu nyingi zilitoka kwenye palete, yaani vile vichanja vya mbao vinavyowekwa chini ya mizigo mizito. Malori yatokayo Dar es Salaam na Durban huvuka mpaka pale Kasumbalesa, yakaleta huku mashine na vifaa juu ya palete. Mzigo ukishateremshwa, palete nyingi huvunjika na kulundikwa uani. Tuliandika barua ya mistari mitano, tukaipeleka kwa mkuu wa ghala moja. Hakujibu. Tukarudi tena baada ya juma moja, tumevaa nguo safi, tukamsalimu. Mara ya tatu alicheka, akatupa palete 11 pamoja na karatasi yenye muhuri. Karatasi ile ina thamani kuliko mbao. Mlinzi akikusimamisha njiani, waonyesha karatasi, wapita; bila karatasi, hata mtu mwaminifu hufanana na mwizi.

Tena kuomba kuna adabu yake. Fika siku ile uliyoahidi, wala usimngojeshe mwenye mali. Chukua vibovu pamoja na vizima, usimwachie kazi ya kutupa uliyoyakataa. Fagia mahali ulipotoa mzigo. Kazi ikiisha, mwalike aje kuiona. Mkuu yule wa ghala alikuja, akaketi juu ya kiti cha palete zake mwenyewe; tangu siku ile hatukuhitaji kuandika barua tena.

Kwa desturi hiyo tumepata mengi. Seremala hutupa vipande vifupi vya mbao, na maranda yake ni matandiko mazuri ya kuku. Mwashi hubakiwa na nusu tofali, na nusu tofali kumi hufanya jiko zuri la nje. Fundi wa mipira ya magari hushukuru umwondolee mipira iliyokwisha: kamba zake hufunga kitanda, na mpira wa lori kubwa la machimbo, ukikatwa katikati, huzuia udongo wa bustani usichukuliwe na maji. Bati kuukuu lililotoboka haliezeki nyumba, lakini likikunjwa vizuri laweza kuwa mfereji. Kopo kubwa la bati likitobolewa huwa mbabula ndogo ya mkaa.

Na watoto wetu wanatushinda. Mpeni mtoto wa Kolwezi nyaya za uzio uliochakaa na vifuniko vinne vya chupa, jioni atakuonyesha gari lenye usukani. Jean Katambayi Mukendi wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1974, ametengeneza kwa katoni na vifaa vya umeme vilivyotupwa mitambo ya ajabu, na kazi zake zimeonyeshwa katika nchi za nje. Tusiwakemee upesi watoto wanaokusanya vitu. Tuwafundishe tu kuuliza kwanza.

Zawadi kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikutoka kiwandani. Ni kichuguu. Katika misitu yetu mchwa wamejenga vilima ambavyo vingine hufika mita 8 kwenda juu, na vingi vina umri wa mamia ya miaka. Udongo wao umeshikamana vizuri, na nyumba nyingi za Katanga zimejengwa kwa matofali yake: huchimbwa, hukanyagwa na maji, hutiwa katika kalibu, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa katika tanuru. Lakini hata kichuguu kina mwenyewe. Kimesimama katika shamba la mtu, au katika ardhi ya chifu. Nenda ukaombe, na shimo lililobaki ulisawazishe, mtoto asizame humo wakati wa mvua.

Sasa swali la pili: kilibeba nini? Hapa twawasihi sana akina mama na akina baba. Viwanda vyetu hutumia asidi na dawa nyingine kali. Pipa lililobeba asidi, hata likioshwa mara kumi, halifai maji ya kunywa wala unga. Palete nazo tazameni alama zilizochomwa ubavuni. Herufi HT zasema mbao zilitibiwa kwa joto. Hizo ni njema. Herufi MB zasema zilitiwa sumu ya metili bromidi; hizo tuziache, wala tusizipikie. Zilizo na madoa au harufu ya dawa tuziache vilevile.

Betri ya gari isivunjwe nyumbani, maana risasi iliyomo huharibu akili ya watoto. Nyaya zisichomwe moto ili kuondoa ngozi ya plastiki. Moshi wake ni sumu. Na mawe ya machimbo tusiyatie katika ukuta wa nyumba ya kulala, wala mchanga wa kiwanda katika sakafu ambapo mtoto hutambaa. Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki, mwaka 1945. Katika ukanda wetu urani yaweza kuchanganyika na mawe mengine, na macho hayaioni. Ni afadhali tofali la kichuguu, ambalo twalijua baba na mama yake.

Swali la tatu ni fupi: kitafanya kazi gani? Watu wengine, wakishaonja utamu wa bure, hukusanya kila kitu. Ua wao huwa kama kilima cha mabaki, makao ya panya na nyoka, na hakuna kiti hata kimoja kilichotengenezwa. Sisi twaanza na kazi: tunapima, tunachora katika karatasi, tunaandika vinavyohitajika. Ndipo twatoka kutafuta. Kitu kisichomo katika karatasi twamwachia mwingine, maana maskini si sisi peke yetu.

Msidhani hayo ni mambo ya vibanda tu. Huko Hispania, katika mji mdogo wa Mejorada del Campo karibu na Madrid, mtu mmoja jina lake Justo Gallego Martínez alitaka kuwa mtawa, lakini ugonjwa wa kifua kikuu ulimtoa katika monasteri. Alipopona, mwaka 1961, alianza kujenga kanisa kubwa katika shamba la urithi wake, kwa heshima ya Bikira Maria. Hakuwa mhandisi wala mwashi wa kufundishwa. Alitumia matofali mabovu aliyopewa na viwanda, na mapipa ya mafuta ya petroli alifanya kalibu za nguzo. Watu walimcheka. Akaendelea miaka 60, akafa Novemba 2021, akiwa na umri wa miaka 96. Kanisa halijakamilika, lakini kuta zimesimama na kuba yaonekana toka mbali. Angalieni: shamba lilikuwa lake, na matofali alipewa. Kwa hiyo kila jiwe la pale laweza kuulizwa lilikotoka, wala halitaona haya.

Wapenzi, Bwana wetu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliwaagiza mitume wakusanye makombo ili yasipotee, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuumba mkate hakudharau makombo. Lakini tukumbuke pia kwamba mikate ile mitano haikunyang'anywa. Ilitoka kwa mtoto aliyekuwa nayo. Basi, mnapoona mbao uani kwa mtu, au bati kando ya njia, msipite kama vipofu, wala msinyoshe mkono kama wezi. Pigeni hodi. Atakayekataa, mshukuruni. Atakayekubali, chukueni, tengenezeni, mkae juu yake kwa amani.