Kabla hujampakia mtoto bodaboda, tazama tairi

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, kijiwe cha bodaboda pale Bukima kilikuwa na pikipiki tatu tu. Muuguzi niliyeambatana naye kwenda kwenye kliniki ya mkoba hakuanza kwa kuuliza nauli. Aliinama, akatazama matairi ya kila pikipiki, akapitisha kidole kwenye mifereji ya raba, kisha akachagua mbili zilizoonekana kuukuu: moja yake, moja yangu.

“Sista, mbona ile nyekundu ni mpya kabisa?” nilimuuliza.

“Ni mpya, lakini imevaa viatu vya mjini,” alinijibu huku akipakata kasha la chanjo.

Bukima ni kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, mkoani Mara, upande wa Majita, ambako nchi kavu imeingia ndani ya Ziwa Victoria. Ukitoka Musoma mjini unafuata barabara inayoelekea Makojo na Busekera. Wenyeji wengi ni Wajita, watu wa uvuvi na kilimo. Nyumba zimetapakaa katikati ya mashamba ya muhogo na mawe makubwa, na njia ya kwenda kwa jirani inaweza kupanda kilima, kushuka bondeni na kuishia mwaloni. Kwa familia nyingi, gari la kwanza la mgonjwa, la mjamzito na la mtoto wa kliniki ni bodaboda.

Tulianza kwenye changarawe ya barabara kuu. Hapo pikipiki zote tatu zingekwenda vizuri. Changarawe iliyoshindiliwa haihitaji meno makubwa. Inahitaji tairi lenye kashata za wastani, zilizokaribiana, ili raba nyingi iguse barabara na breki ishike.

Tulipokata kushoto kuelekea kitongojini, tulikuta udongo mweusi wa bondeni, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huwa kama uji. Dereva wangu alipunguza mwendo, akashusha miguu, akaniambia, “Dada, usiyumbe, kaa kama gunia.” Nilisikia tairi la nyuma likichimba, likitupa matope nyuma, likichimba tena.

Hiyo ndiyo kazi ya tairi la kashata kubwa. Meno yake yamesimama mbalimbali, hivyo yanazama kwenye tope laini, na tairi linapozunguka tope linachomoka katikati ya meno. Tairi lenye mifereji midogo hujaa tope katika mizunguko michache, likawa laini kama kipande cha sabuni. Kuanzia hapo dereva haendeshi tena, anaomba Mungu.

Tulikuwa tumevuka nusu ya bonde tuliposikia kelele nyuma yetu. Pikipiki nyekundu ilikuwa imelala ubavu. Kando yake alikaa mama kijana, matope hadi kiunoni, mtoto bado amefungwa mgongoni kwa kanga. Naye alikuwa anawahi kliniki ileile.

Muuguzi alimkimbilia. Mtoto alilia kwa nguvu, na kwa muuguzi hiyo ilikuwa habari njema. Alimpapasa kichwa, shingo, mikono na miguu, akamtazama macho, akatulia. Mama alikuwa ameungua ndama ya mguu kwa bomba la moshi. Tulimwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu, bila kupaka dawa ya meno wala mafuta.

Dereva wa ile nyekundu alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu, na hakuwa amekunywa wala hakuwa anakimbia. “Tairi la mbele liliteleza tu, nikashangaa niko chini,” alisema. Nilimuuliza kwa nini hakufunga matairi ya kashata. Alinieleza hesabu yake: mara nyingi hupeleka abiria Musoma mjini, na kwenye lami kashata kubwa huisha haraka na hutikisa pikipiki. Akifunga hayo, atanunua tairi jingine mapema.

Hakuwa amekosea. Kwenye lami, hasa iliyolowa, meno machache ndiyo yanayogusa barabara, hivyo breki huchelewa kushika na pikipiki huyumba kwenye kona. Tairi lililokuwa salama bondeni linaweza kuwa hatari mjini. Shida ya kijana ilikuwa moja: siku hiyo alichukua abiria wa bondeni kwa tairi la lami.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sisi waandishi wa afya tunapoandika habari hizo, tunataja mwendokasi, pombe na kofia ngumu, na ni sawa. Tairi tunalitaja mara chache, ingawa ndilo pekee linaloshikana na ardhi.

Mama alikataa kupanda tena. Alitembea, nasi tukatembea naye hadi juu ya kilima, madereva wakisukuma pikipiki. Kule njia ni ya mawe, na dereva wangu alinionyesha jambo jingine. Alisimama, akabonyeza matairi kuona upepo. Tairi laini likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu, ukatoboka matundu mawili kwa mpigo. Kwenye mawe upepo uwe kamili.

Chini mwaloni mambo hugeuka. Kwenye mchanga, tairi gumu huchimba shimo na kujizika. Wanaobeba dagaa huko hupunguza upepo kidogo ili tairi litanuke na kuelea juu ya mchanga, kisha huujaza tena wakirudi kwenye changarawe. Anayesahau kuujaza hukutana na pancha kwenye mawe.

Safari moja, ardhi nne. Hakuna tairi linaloziweza zote. Madereva wengi wa njia hizi hufunga tairi la mchanganyiko mbele, lenye kashata za wastani, na lenye meno zaidi nyuma, kwa kuwa la nyuma ndilo linalosukuma. Lakini la mbele lisidharauliwe. La nyuma likiteleza, dereva huweza kuliwahi. La mbele likiteleza, kama kijana alivyosema, unajikuta uko chini.

Ukiwa mzazi mwenye pikipiki ya familia, soma ubavu wa tairi kabla ya kununua. Namba kama 2.75-17 au 3.00-17 ni upana na kipenyo cha rimu kwa inchi, na lazima zilingane na za pikipiki yako. Alama kama 50P si kilo 50: namba 50 maana yake tairi linabeba hadi kilo 190, na P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Raba iliyokaa dukani miaka mingi hukakamaa na kupasuka hata kama haijatumika. Mshale ubavuni uelekee upande tairi linakozungukia. Upepo ufuate kitabu cha pikipiki. Kwa bodaboda nyingi za cc 100 hadi 150 ni takriban PSI 25 mbele, na 28 hadi 32 nyuma kutegemea abiria.

Kama wewe ni abiria tu, una maswali mawili. La kwanza jiulize mwenyewe: leo tunapita wapi, na mvua imenyesha? La pili muulize dereva huku ukitazama tairi: hili linaweza njia hiyo? Likiwa kipara, au nyuzi zinaonekana, usipande na mtoto hata kama ni karibu. Na kama ni mjamzito au mama aliyejifungua aliyezidiwa, usisubiri kijiweni. Piga 115, namba ya bure ya m-mama, uulizie usafiri wa dharura.

Tulifika kliniki tumechelewa. Kina mama walikuwa bado wamekaa chini ya mwembe, na barafu ndani ya kasha ilikuwa haijayeyuka. Mtoto wa yule mama alikuwa ametimiza miezi tisa, akapata chanjo yake ya surua na rubela, akalia tena.

Jioni kijana wa pikipiki nyekundu alikuja kumchukua ili amrudishe bila nauli. Mama alimshukuru. Kisha akamzunguka, akainama, akatazama tairi la mbele.

“Nitatembea hadi barabarani, mwanangu,” alisema. “Nisubiri kwenye changarawe.”