Mabao ya Gizani

PlayStation 2, iliyotolewa Japani mwaka 2000, ilipofika Mbagala ya Temeke na Tandale ya Kinondoni haikudumu sebuleni. Iliwekwa kibandani, nyuma ya pazia la khanga, na watoto wakalipia mechi kwa sarafu. Kadi yake ya kumbukumbu, ya megabaiti 8, haikuhifadhi ila ilichoamriwa. Na mgao wa umeme wa mwaka 2006 haukumngoja mtu abonyeze. Runinga ikizimika, mabao yalibaki vinywani tu. Hapo ulianza ubishi, ambao ni nduguye malumbano ya washairi: nani alitangulia, nani alipigwa chenga, nani anadaiwa mchezo. Mwenye kibanda, hakimu asiye na ushahidi, mara nyingi alimsadiki msimulizi hodari kuliko mfungaji.