Kibali cha Komba

Kitenzi "kufuga" kina kazi nyingi katika Kiswahili. Tunafuga ng'ombe na kuku. Tunafuga ndevu, tunafuga kucha. Wapo wanaosemwa kuwa wanafuga majini, na mtu anayekaa na kikohozi miezi mitatu bila kwenda zahanati huambiwa anafuga ugonjwa. Mahali pote hapo maana ni moja: ukifuga kitu kitakua, na kikishakua wewe ndiye wa kuulizwa. Mnyama anayewekwa nyumbani ili apendwe tu, asiyetoa maziwa wala mayai wala ulinzi, siku hizi redioni na magazetini anaitwa "mnyama kipenzi". Bibi yangu hajawahi kulitumia neno hilo. Yeye alisema, "Namlea."

Aliyekuwa akilelewa ni komba.

Bibi, mzaa mama, anaishi Mkwaja, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani, upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Huko komba si mnyama wa ajabu. Mchana amelala kwenye mwembe au mkorosho. Usiku analia kama mtoto mchanga, na mgeni asiyezoea huamka akauliza ni mtoto wa nani ameachwa nje. Wagema wanamjua zaidi, kwa kuwa hupanda mnazi akanywa tembo kibuyuni, na ndiyo sababu mlevi wa kupindukia husemwa amelewa kama komba.

Huyu aliletwa na binamu yangu ndani ya kofia. Mbwa walikuwa wamemuua mama yake chini ya mkorosho, naye akabaki ameng'ang'ania manyoya ya maiti. Alienea kwenye kiganja, macho makubwa kuliko uso. Bibi alimnywesha maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa, akamwita Tunu. Baadaye akaanza kumpa uji, ndizi mbivu, maembe, na panzi ambao watoto wa jirani walikuwa wakiwaleta kwenye chupa za maji. Mchana alilala kwenye kapu la ukili lililoning'inizwa kwenye kenchi. Magharibi ikiingia alishuka, akakaa begani kwa bibi, akamshika sikio kwa vidole vidogo kama vya mtu.

Bibi si mgeni wa mifugo. Babu alikuwa mchungaji katika Ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa na kampuni ya Amboni miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000. Pori lile ni la mbung'o, na ng'ombe walioletwa pale waliishi kwa dawa za nagana. Ranchi ilipokufa, ardhi yake iliunganishwa na Saadani, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Malisho yaliyokuwa wazi sehemu nyingi yameshikwa na migunga. Bibi ana usemi wake kuhusu miaka hiyo: "Babu yenu alifuga kwa sindano. Siku sindano ilipokwisha na ufugaji ukaisha."

Na Tunu naye alikuwa na sindano yake. Ilikuwa bibi mwenyewe.

Komba hujikojolea viganjani, akajipaka mikono na miguu, kisha akarukaruka. Ndivyo anavyoweka harufu yake mahali anapopita, na wataalamu wanasema huenda unyevu huo unamsaidia pia kushika matawi. Porini ni jambo jema. Katika nyumba ya vyumba viwili ya mwanamke anayeswali sala tano, ni balaa. Kuta zilinuka, mito ilinuka. Msala ulinajisika mara kwa mara, bibi akawa anaufua na kuuanika hadi ukachakaa, kisha akanunua wa pili na kuuficha ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mwishowe Isha alikuwa akiiswali kwa jirani. Usiku hakulala, kwa sababu mtoto wake alikuwa macho. Mama alimpigia simu kumsihi amwachilie, naye akajibu kwamba hakuna mtu aliyeachiliwa porini kwa sababu ya kukojoa.

Alipokaribia miaka miwili, Tunu alibadilika. Alianza kumfokea kila aliyekaa karibu na bibi. Jioni moja alimuuma mjukuu mwingine wa bibi, mtoto wa miaka sita, kwenye kidole, meno yakafika mfupani. Mtoto alisafishwa jeraha, akapelekwa Pangani mjini kuchanjwa kichaa cha mbwa, na nauli za kurudi kumalizia sindano zikawa mzigo wa ukoo mzima. Wote walisema komba amegeuka. Hakugeuka. Alikuwa amekua. Dume la komba lililopevuka linataka eneo lake na majike wake, na huyu eneo lake lilikuwa begani kwa mwanamke wa miaka sabini.

Wakati huohuo habari zake zilikuwa zimefika mbali. Akaja mwanamume kutoka mjini, mpole, mwenye simu mbili, akasema anaye mtu anayetaka komba aliyezoea watu. Alitaja shilingi laki tatu. Bibi alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Siuzi mjukuu." Yule bwana alicheka, akaacha namba yake chini ya kikombe.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa wanyamapori mjini Morogoro, kwa hiyo nilipofika likizo ukoo ulinikabidhi upande wa sheria. Nilikaa na bibi barazani nikamweleza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama umemwokota, hata kama unampenda. Mahakamani mnyama kama huyo huitwa nyara ya serikali.

"Nyara ni kitu cha vitani," bibi alisema. "Mimi nimepigana na nani?"

Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo darasani sikuwahi kulisikia likiulizwa hivyo. "Na wale waliokuwa wakiwapeleka uwanja wa ndege, wao walikuwa na karatasi?"

"Wengi walikuwa nazo, bibi."

Kwa miaka mingi Tanzania iliuza nje wanyama hai kwa vibali: ndege, kobe, vinyonga, mijusi, nyoka. Kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni maeneo ya kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, waliwahi katika miaka ya 1980 kuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Novemba 2010 wanyama zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walipakiwa kwenye ndege KIA wakapelekwa Qatar kinyume cha sheria. Machi 2016 tumbili 61 walizuiwa katika uwanja huohuo wakiwa safarini kwenda Albania. Mei mwaka huo Waziri wa Maliasili na Utalii, Profesa Jumanne Maghembe, alipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Marufuku iliwakuta wafanyabiashara wakiwa na wanyama mabandani. Juni 2022 ilitangazwa kwamba waliobakiwa na wanyama wangeruhusiwa kuwauza nje kwa miezi sita, kisha Waziri Pindi Chana akalisitisha tangazo hilo baada ya kelele za wananchi. Kelele zilikuwa za haki. Lakini nilipokuwa nikimsimulia bibi, hakuuliza habari za wafanyabiashara wala waziri. Aliuliza, "Miaka yote sita hiyo, nani alikuwa akiwalisha?"

Nilimsimulia pia mjusi wa Kimboza. Kimboza ni msitu mdogo wa hifadhi, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, si mbali na chuo chetu. Ndani yake kuna mjusi ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa kama kanga mpya, na makazi yake ni kwenye makuti ya mkadi. Bibi anaujua mkadi kwa sababu ya kikuba: maua yake huchanganywa na asumini na rihani yakavaliwa na mabibi harusi. Wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani walimpenda mjusi yule kwa rangi yake, akawa anauzwa kwenye maonyesho ya wafugaji wa mijusi. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa zaidi ya mijusi 30,000 msituni. Ili kuwapata, mikadi mingine ilikatwa, hivyo nyumba ikaondoka pamoja na mwenyewe. Mwaka 2016 mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg ulimweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya wanyama wa porini imekatazwa. Siku hizi wapo wanaozaliwa kwenye visanduku vya vioo Ujerumani, na mwenye karatasi zake anaruhusiwa kuwafuga. Mtoto wa kijiji jirani na Kimboza akishikwa na mmoja mfukoni, ana kesi.

Sisemi hivyo ili sheria ifutwe. Bila sheria hiyo, yule bwana wa simu mbili angekuwa na duka. Ninachosema ni kwamba karatasi hujibu swali la nani anaruhusiwa, na swali la bibi ni jingine: nani atabaki mnyama akishakua? Ng'ambo ya bahari kutoka Mkwaja, karibu na Mji Mkongwe wa Unguja, kuna kisiwa cha Changuu. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli aliwatuma huko kobe wakubwa wanne wa Aldabra kama zawadi. Walizaana hadi kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha wakaanza kuibwa na kuuzwa, wengine wawe mapambo ya nyua za watu, na mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Uzio na ulinzi ndivyo vilivyowaokoa. Kobe wa aina hiyo huweza kupita miaka mia. Aliyempokea wa kwanza alikufa zamani, waliomwiba wenzake nao watakufa, na kobe bado atataka majani asubuhi.

Bibi aliamua mwenyewe. Alimwita mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akampigia askari wa wanyamapori, akaja kijana mmoja mstaarabu akamwamkia bibi shikamoo kabla ya kukaa. Hakuzungumza habari za kesi. Alieleza kwamba, kwa kuwa komba ni wenyeji wa miti hiyohiyo na wenzake wanasikika kila usiku, huenda asihitaji kuhamishwa. Kapu litolewe ndani, lipandishwe mwembeni nyuma ya nyumba. Chakula kipunguzwe kidogokidogo. Dirisha lifungwe, na bibi asimwite.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Usiku wa kwanza Tunu alikuja akagonga ubao wa dirisha hadi alfajiri. Bibi alikaa kitandani na tasbihi, akinyamaza. Usiku wa nne nilimsikia akilia, na sikutoka chumbani kwangu, kwa sababu bibi hapendi kuonekana akilia. Wiki ya tatu kapu lilikutwa tupu asubuhi. Siku mbili baadaye Tunu alikuwamo tena, sikio limechanika, ishara kwamba amekutana na madume wenzake. Bibi alitaka kumshusha amtie dawa. Alisimama chini ya mwembe muda mrefu, mkono umeinuliwa, kisha akaingia ndani kupika. Baada ya hapo kapu halikulaliwa tena.

Sijui kama alishinda ugomvi ule au ulimuua. Masomo yangu yananiambia kwamba wengi wa wanyama waliolelewa na watu hawaishi muda mrefu wakirudishwa porini. Sikumwambia bibi, na hakuniuliza. Namba ya yule bwana aliiwashia jiko.

Desemba iliyofuata, mtoto yuleyule aliyeumwa alikuja mbio kutoka ufukweni na kitoto cha kasa ndani ya beseni. Kasa wa kijani hutaga katika ufukwe wa Madete, na wapo wanavijiji wanaolinda viota takriban miezi miwili hadi mayai yaanguliwe. Huyu alikuwa amepotea njia, mtoto akamwokota kwenye magugu bahari. Alikwisha kumtia maji na kipande cha mkate, na alikwisha kumpa jina.

Bibi hakumgombeza. Alijifunga kanga, akachukua beseni, tukashuka wote watatu hadi pwani. Akamweka yule kasa juu ya mchanga, mbali kidogo na maji, kwa sababu walinzi wa viota wanasema lazima atembee mwenyewe. Mtoto alipewa kazi ya kufukuza kunguru. Mimi nilitazama kaa. Ilichukua karibu robo saa. Wimbi la kwanza lilimrudisha nyuma, la pili likamgeuza chali, la tatu likamchukua.

"Atarudi lini?" mtoto aliuliza.

Nilimwambia kwamba akiwa jike na akipona, atarudi kutaga pwani hizihizi baada ya miaka ishirini au thelathini.

Bibi alihesabu kimoyomoyo. "Basi wewe ndiye utakayempokea," akamwambia mtoto, akakung'uta mchanga kwenye beseni.