Sindano Haikuwa Ngao ya Saumu

Kabla ya kuandika haya tulimwomba ruhusa mama yetu mzazi, naye akatujibu: "Andikeni, wanangu. Haya yangu isije ikawa msiba wa mwengine."

Sisi ni mabinti watatu tuliolelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mama ameumwa na magoti kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote akijinunulia vidonge vya diklofenaki dukani, kimoja asubuhi na kimoja usiku, bila ya cheti cha daktari. Kiungulia kilipomwanza, sote tuliilaumu achari na pilipili. Ramadhani ilipoingia, maumivu ya chembe cha moyo yakazidi, hasa nyakati za mchana tumbo likiwa tupu.

Mama hakutaka kufungua. Alikuwa amesikia darsani kwamba sindano ya dawa isiyo lishe haibatilishi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, akaona amepata njia. Siku tatu mfululizo, baada ya sala ya adhuhuri, alikwenda duka la dawa la jirani akadungwa sindano ya mshipa ya kupunguza asidi ya tumbo. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, wala hakuulizwa choo chake kikoje. Alirudi ametulia, nasi tukamshukuru Mungu na kuendelea kukunja sambusa.

Tusilolijua ni kwamba choo chake kilikuwa kimegeuka cheusi, chenye kunata mithili ya lami. Aliona haya kutwambia, sisi aliotuzaa. Siku ya nne, alipokuwa akiinuka kwenye mswala, alianguka.

Hospitalini aliongezwa damu, kisha akapitishwa kamera ya tumboni. Kidonda kilikuwa kikivuja damu. Daktari alitueleza kwamba diklofenaki na dawa za jamii yake hudhoofisha utando unaolilinda tumbo, na zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kulitoboa. Zile sindano tatu zilikuwa zimeyatuliza maumivu, ilhali mama akiendelea kumeza vidonge vilivyomjeruhi. Maumivu yalikuwa mpiga mbiu wetu, nasi tulimlipa anyamaze.

La ajabu ni kwamba dawa aliyowekewa hospitalini ilikuwa ile ile, pantoprazoli. Tofauti ilikuwa katika sababu ya kuitoa na namna ya kuitoa. Hapa ilitolewa kwa kidonda kilichokwisha kuonekana na kutibiwa kwa kamera, ikapita kwenye dripu usiku na mchana kwa siku 3, huku mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipimwa kila mara.

Muuguzi mmoja, Mungu amjazi kheri, alitufundisha kuitazama kazi yake. Dawa hii huja ikiwa unga katika kichupa cha miligramu 40. Huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya chumvi ya hospitali, ikapitishwa mshipani polepole kwa muda usiopungua dakika 2, au ikachanganywa katika mfuko mkubwa zaidi na kupita kwa dakika 15 hivi. Haidungwi kwenye nyama ya paja wala ya mkono. Haichanganywi na dawa nyingine katika mrija mmoja, na mrija husafishwa kabla na baada. Yakionekana maji yamebadilika rangi au yana chembechembe, hutupwa. Mahali pa sindano pakiuma, pakivimba au pakiwa pekundu, aambiwe muuguzi papo hapo. Na mgonjwa akitokwa na vipele, akivimba uso au akibanwa na pumzi, hiyo ni dharura isiyongoja.

Tulimuuliza daktari swali lililotuelemea: je, sindano haina nguvu kuliko kidonge? Alitujibu kwamba kwa anayeweza kumeza, kidonge cha miligramu 40 huizuia asidi sawasawa na sindano ya kipimo hicho. Sindano ni ya anayevuja damu, anayetapika mfululizo, au asiyeweza kumeza. Pindi anapoweza kumeza, huhamishiwa kwenye vidonge. Kisha akaongeza neno lililotuliza kwa namna moja na kutuumiza kwa nyingine: dawa hii kwa kawaida hunywewa mara moja tu kwa siku, na mgonjwa ambaye daktari amemruhusu kufunga anaweza kuimeza kabla ya daku. Mama alikuwa ameikimbilia sindano ili ailinde saumu, na saumu yake haikuwa na haja ya sindano.

Tulijifunza pia kwamba diklofenaki siyo mshukiwa wa pekee. Mwaka wa 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walimgundua kijidudu helikobakta pailori, ambaye ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, na mwaka wa 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kijidudu huyo ana vipimo na ana tiba ya antibaiotiki. Lakini dawa za kupunguza asidi huweza kumficha asionekane kwenye kipimo, kwa hivyo anayekwenda kupimwa amwambie daktari kwamba anazitumia. Ataje pia dawa zake nyingine zote, hasa za kuyeyusha damu kama warfarini, metotrekseti, na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, pamoja na ujauzito au kunyonyesha. Na zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya uangalizi, dawa hizi huweza kupunguza magnesi na vitamini B12 mwilini, na kuidhoofisha mifupa.

Mama alifungua siku zilizobaki kwa ruhsa aliyopewa mgonjwa na Mola wake, na baada ya kupona na kuruhusiwa na daktari, akazilipa moja baada ya moja. Magoti yake sasa yana daktari na mazoezi, na diklofenaki haimo tena nyumbani mwetu.

Tunaloliomba kwenu ni dogo. Waulizeni mama zenu, kwa upole na faraghani, mambo wanayoyaonea haya. Choo cheusi, matapishi ya damu au yenye rangi ya kahawa iliyosagwa, na kizunguzungu cha ghafla havina dawa dukani. Njia yake ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni dakika kumi kabla ya magharibi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiki.